Mawe ya Kibofu Yasiyo Yangu

Jumatatu, 2 Septemba 1996. Garissa.

Nimeinua mkono. Injinia Marit alisimama mbele yetu sote katika ofisi ya mradi wa maji, akauliza nani atamtunza mbwa wake wiki mbili akiwa likizoni kwao. Wenzangu wakatazama sakafu. Kadar, karani mwenzangu, akasema bora aache kazi. Mimi nikainua mkono.

Sababu ninayo. Injinia anatafuta mkuu wa stoo wa kuanza kazi kule Dadaab mwezi ujao. Ni Kadar au mimi. Cheo hicho kina nyumba ya vyumba viwili. Nikiipata, nitamwita Ramlo arudi. Mke wangu yuko Diff kwa mama yake tangu Aprili, kisa ile biashara yangu ya kuuza barafu ya friji ya ofisi. Sitaki kuieleza tena. Shajara hii naiandika kwa Kiswahili, lugha niliyofundishwa shuleni Thika, ili Ramlo asiweze kuisoma. Miezi mitano sasa hakuna wa kumficha.

Mbwa anaitwa Olav. Mweupe, madoa meusi. Kadar humwita Olaf. Juni alipasuliwa Nairobi, akatolewa mawe kwenye kibofu, madogo kama mbegu za tikiti. Injinia ameniachia karatasi. Wali, mayai ya kuchemsha, karoti, maziwa kidogo. Maji mengi mpaka chakula kiwe rojorojo. Maini na figo asionje kabisa, hurudisha mawe. Akishindwa kukojoa, daktari saa hiyo hiyo.

Mbwa asiyekula nyama, Garissa hii. Nimeisoma karatasi mara tatu.

Jumatano, 4 Septemba.

Ofisini hakuna jiko. Napika nyumbani kwangu, mtaa wa Iftin, nabeba sufuria iliyofunikwa hadi ua wa ofisi. Nimenunua sufuria ndogo kwa ajili ya Olav ili isichanganyike na yangu. Zote mbili zimeungua leo, sasa zinafanana.

Olav amekula. Amenilalia miguuni nikiwa nimekaa kwenye ndoo. Nimemsomea gazeti la wiki iliyopita. Nimerudi nikiwa na furaha, kisha nikanawa mara saba.

Tatizo ni mama wa duka, eddo Nafiso, yaani shangazi, ndivyo mtaa mzima unavyomwita. Aliniuliza mbele ya wateja kwa nini mwanamume anayeishi peke yake ananunua trei nzima ya mayai, na mbona nyama nimeacha. Ningesema nampikia mbwa? Nikasema daktari amenikuta na mawe ya kibofu.

Eddo Nafiso akanirudishia pesa za karoti.

Ijumaa, 6 Septemba.

Baada ya swala wamekuja watu wanane nyumbani kwangu. Nilihesabu viatu mlangoni. Mkeka ulikuwa umekunjwa tangu Ramlo aondoke, nikautandika ukiwa na vumbi, wakakaa hivyo hivyo. Mzee Abdow wa msikitini alinisomea dua akaniuliza panauma wapi. Nikaonyesha kitovu. Akasema kibofu kiko chini zaidi. Nikasema maumivu yanapanda.

Wamekaa hadi magharibi. Walizungumza habari za ukame, bei ya ngamia, mtoto wa fulani aliyefeli mtihani. Mimi nililala kwa ubavu nikisikiliza. Sikumbuki mara ya mwisho nyumba hii kuwa na sauti zaidi ya moja.

Kadar naye alikuja. Aliniuliza ni daktari gani. Niliugua kidogo, akaacha.

Jumapili, 8 Septemba.

Wanakuja kila siku. Arbia, binamu yake Ramlo anayeishi hapa mjini, alileta chai ya maziwa. Eddo Nafiso ameleta maini ya mbuzi, jana na leo, bakuli limejaa. Anasema mgonjwa anahitaji damu. Mbele yao mimi nakula wali na yai kama nilivyosema daktari ameagiza, na wote wanatikisa kichwa kwa huruma. Maini yanabaki.

Sina tena nafasi ya kupika mara mbili. Wageni siwezi kuwafukuza. Kwa hiyo wali wa Olav nakula mimi, na Olav anakula maini. Nilimwambia ni siku mbili tu. Alinitazama kama mtu aliyepewa haki yake baada ya kungoja sana. Maji nilisahau kumwongezea jana. Leo nimekuta bakuli kavu, nimelijaza.

Arbia anasema ametuma habari Diff kwa redio kol, ile redio ya upepo ya kupelekea ujumbe. Sikumtuma. Wala sikumkataza.

Jumanne, 10 Septemba.

Siku mbaya.

Asubuhi nilimkuta Olav ameinua mguu kwenye ukuta wa ofisi. Akasimama hivyo muda mrefu. Halikutoka hata tone. Akahamia mti, akarudi ukutani. Kisha akaja kwangu, akaweka kichwa gotini pangu, akatetemeka. Tumbo lilikuwa gumu kama ngoma.

Ufunguo wa Land Rover ya ofisi anao Kadar, na Kadar alikuwa nyumbani kwangu na wageni, wakiningoja. Nilikimbia. Nikaingia nikihema, mgonjwa mimi, nikasema Olav hakojoi.

Kadar akauliza amekula nini.

Nilitaka kusema wali. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini nilikumbuka kile kichwa gotini. Nikasema maini.

"Maini ya nani?"

Eddo Nafiso alilitazama bakuli lake. Nikaeleza yote. Mawe ni ya mbwa, mayai ya mbwa, karoti za mbwa. Mzee Abdow alisimama akatafuta viatu vyake. Nilipogeuka, Ramlo alikuwa mlangoni, vumbi hadi kwenye nyusi, kibuyu cha maziwa ya ngamia mkononi. Siku mbili juu ya lori la mbuzi. Sijui alikuwa amesimama pale tangu neno gani.

Hakuna aliyetaka kumgusa mbwa. Kadar aliendesha, mimi nikambeba Olav mapajani. Daktari Barre wa mifugo alipitisha mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo, akasukuma maji, kijiwe kilichoziba kikarudi kibofuni. Mkojo ulitoka mwingi, wenye damu. Alisema huenda kijiwe kilibaki tangu upasuaji, na maini na kiu vimemaliza kazi. Angechelewa hadi jioni angekufa. Nililia. Kadar alitazama nje ya dirisha, na kwa hilo namshukuru.

Jumatano, 11 Septemba.

Ramlo amelala kwa Arbia. Asubuhi alipita kuchukua kibuyu. Aliuliza mbwa nilimpikia kwa sufuria ipi. Nikazitazama zote mbili. Akazitoa nje zote mbili.

Kisha akakaa kizingitini, nusu ndani, nusu nje. Akasema njia nzima alikuwa akihesabu siku za eda ya mjane.

Nikamwambia nilitaka kwanza nipate nyumba ya Dadaab, ndipo nimwite.

Akasema, "Awil, ungesema tu umenikumbuka, ningekuja. Kwani mimi niliomba nyumba?"

Akachukua kibuyu, akaenda kupanda lori la kurudi Diff. Nilipopata jibu, lori lilikuwa limeshavuka kizuizi cha polisi.

Jumatatu, 16 Septemba.

Injinia amerudi. Olav alimrukia hadi miwani ikaanguka. Daktari Barre alikuwa ameshamweleza kila kitu. Hakunifokea. Alisema asante kwa kusema ukweli kwa wakati, na cheo cha Dadaab amempa Kadar, ambaye sasa anamlisha Olav wali na yai, kwa kijiko kirefu.

Nimenunua sufuria mpya. Moja. Nimepika wali, ukabaki.

Alhamisi, 19 Septemba.

Hakuna viatu mlangoni tangu wiki iliyopita. Mkeka nimeuacha umetandikwa.

Jana nilianza barua kwa Ramlo. Niliandika kwa Kisomali kwamba nimemkumbuka. Sentensi moja. Ilionekana fupi, kama haijakamilika, mtu hasafiri siku mbili kwa sentensi moja. Nikaichana.

Nimefikiri sana juu ya kosa langu, na nimelipata. Mawe ya kibofu hayaonekani. Watu hawawezi kuamini sawasawa kitu wasichokiona.

Leo nilipokwenda dukani nilichechemea kidogo. Eddo Nafiso hakuuliza, lakini alitazama.

Mguu wa kushoto. Nisisahau.