Kiko ya Nyanya Isikae Baridi

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 6 mwezi wa kumi

Naanza kuandika! Infirmier Jean-de-Dieu, muuguzi wa ku sentre ya afya, njo alinituma. Alisema: Mama Élisabeth, kila mara hamu ya tumbako inakuja, andika. Andika ilikuja wakati gani, andika na sababu. Nikamwambia mi niliacha masomo mu darasa ya tatu, na mwalimu alifurahi sana. Akasema andika tu vile unasemaka. Ah! Hapo alikosa. Kusema njo kazi yangu.

Sababu ya kuacha iko moja: Shekinah. Mujukuu wangu wa kwanza, mutoto ya Uwamwezi binti yangu. Alizaliwa kule Itebero, mu pori ya Walikale, na kifua nzito. Nilimusikia mu telefone akipumua, kama panya inakwaruza mu majani makavu. Sijamubeba bado hata mara moja. Uwamwezi akaniambia: Mama, tunakuja siku ya posho, ile ya mbele ya siku ya Mungu. Nikisikia harufu ya tumbako mu nyumba yako, mutoto atalala kwa Brigitte.

Brigitte! Mama ya Fiston, bwana ya binti yangu. Nyumba yake iko ng'ambo ya bonde, tunaonana mulango kwa mulango. Tayari amefua mapazia na ametangazia soko yote ya Kingi. Mujukuu wangu alale kwa mwanamuke mwenye anaimba kwaya na pua? Hapana!

Infirmier alisema kwanza kutayarisha kichwa. Chagua siku. Ambia bantu, ili upate haya ya kurudia. Ondosha bintu yote ya kuvutia mu nyumba. Mikono ipate kazi, mudomo upate kitu ya kutafuna. Na hamu, akasema, iko kama ngombe za Nyamitaba zikipita mu njia: usipigane nazo, simama pembeni, zitapita.

Shida ni kiko. Haiko yangu. Iko ya Nyanya Uwamariya, mama ya bwana yangu Damien. Kichwa ya udongo, fimbo ndefu, na pale pa kuwekea mudomo kuna alama ya jino yake moja, ile ya kushoto. Akienda kufa alisema: kiko yangu isikae baridi. Bamama bote balitazama chini. Mi nikaipokea. Tangu ile siku, asubui na mangaribi, naipasha moto. Muone basi! Si tabia mbaya. Ni heshima!

Kesho naacha.

Siku ya pili, tarehe 7

Nimeacha! Kichwa iko tayari kabisa.

Nilienda ku fontaine, pale tunachotaka maji, kuambia bantu, vile infirmier alisema. Niliambia bote. Na kwa kuwa nilikuwa pale, niliwaambia pia mambo ya jirani yetu Habineza na mashamba ya kaka yake. Maji nilisahau.

Kiko nimeizika nyuma ya nyumba, katikati ya maharagi. Nikatafuna muhogo mubichi mpaka taya ikauma. Damien akauliza kama alete viti ya matanga ao bado. Nikamwambia acheke tu.

Hamu: ilikuja mangaribi. Sababu: Damien.

Siku ya tatu, tarehe 8

Hii asubui harufu iliniamusha. Tumbako. Mupya, ya kuwashwa sasa hivi. Damien akaniangalia na jicho moja, akasema: weye, hata siku mbili? Nikanusa mikono yangu: sabuni. Nikamunusa Damien: Damien.

Ukungu ilikuwa imefunga mulima yote. Nikaenda mu maharagi. Udongo haukuguswa, hata kuku haikupita pale. Lakini ile mistari ya maharagi iko yulu ya kiko, majani yote yamenyauka, yamelala chini. Nikachimbua na vidole. Kiko iko palepale, vile niliiweka.

Na iko moto. Moto kama yai chini ya kuku.

Nilikaa chini mu umande kidogo. Halafu akili ikakuja, maana mi siko mujinga. Nyanya alisema kiko isikae baridi. Hakusema ku nyumba gani!

Nikachukua kitunga, nikaweka kiko chini, imefungwa mu kitambaa, yulu nikajaza maharagi mazuri. Nikashuka bonde, nikapanda kwa Brigitte. Akaniangalia kama muntu ameona mbuzi inaingia kanisa. Akauliza: Mama Uwamwezi, tangu lini weye unaletaka maharagi? Nikamujibu: tangu niliacha tumbako, dada, roho yangu imekuwa kubwa. Akapokea. Akapeleka nyuma ya nyumba, fasi anaweka bya kula.

Nilirudi naimba.

Hamu: nyingi. Sababu: sasa ni ya Brigitte.

Siku ya ine, tarehe 9

Hakuna harufu! Nimefungua mulango na madirisha, nimepakaa ukuta udongo mupya, nimefua mapazia (mapazia yangu ni mazuri kupita ya yule). Moto ya jikoni tu njo ilikataa kushika. Nyumba iko baridi, kama muntu alihama na vyombo vyake.

Nikaangalia ng'ambo. Nyuma ya nyumba ya Brigitte, fasi hakuna jiko, moshi moja mwembamba ilikuwa inapanda. Imenyooka. Upepo ilikuwa inasukuma migomba yote, ile moshi haikuinama.

Furaha! Kabla ya saa sita ya mchana nilikuwa nimeambia kila muntu kwamba Brigitte anavuta kwa kujificha. Ku kwaya balimunusa. Akaapa na Biblia. Nilimusikilia huruma. Kidogo.

Mangaribi tukakutana ku fontaine. Nilingojea anitukane, nilikuwa hata nimetayarisha majibu. Lakini alisema polepole, anaangalia ndoo yake. Akauliza: Mama Uwamwezi, yule mama muzee mwenye kukaa nyuma ya nyumba yangu, mwenye kuimba na mudomo ya kufunga, ni wa kwenu? Nikauliza muzee gani. Akasema yuko na jino moja. Ya kushoto.

Brigitte alihamia hapa kutoka Nyamitaba wakati Nyanya alikuwa tayari mu kaburi. Hajamuona hata siku moja.

Nikamwambia labda ni muntu ya kuomba-omba. Maji nilisahau tena.

Siku ya tano, tarehe 10

Nilienda ku sentre. Jean-de-Dieu akasoma hii kaye yangu ya kuandikia, akakuna kichwa. Akasema ni kawaida: ukiacha tumbako, kichwa inajitengenezea moshi yake, unasikia harufu yenye haiko. Itapita. Nikamwambia nimekubali, Papa infirmier, lakini hamu yangu inaweza kuenda kukaa nyuma ya nyumba ya muntu mwingine na kuimba? Akasema ninywe maji mingi.

Hamu: sikuisikia kabisa. Niliogopa mno.

Siku ya posho, tarehe 11

Bamefika! Balitembea tangu Itebero, mvula yulu, matope mpaka ku magoti. Uwamwezi hakunisalimia hata. Akanusa pazia. Akanusa kitanda. Akanusa nywele zangu, akaniambia Mama fungua mudomo. Halafu akacheka, akasema: tunalala hapa.

NIMESHINDA.

Na nikamubeba Shekinah. Mwepesi, kama kitambaa yenye imeanikwa. Kifua inafanya krr, krr, lakini vidole vyake vilishika kidole yangu na nguvu ya kukamua ngombe. Nililia. Sitaki kuandika zaidi, kalamu inateleza.

Lakini Brigitte naye akakuja. Amerudisha kitunga yangu. Na kwetu hapa hakuna mama anarudishaka kitunga ya mwenzake bure, ni haya kubwa: lazima uweke kitu. Akaweka viazi. Viazi nyingi, bya kujaa mpaka yulu! Akapatia Uwamwezi mu mikono mbele ya bote, akanichekea na meno yote. Kitunga ilipopita karibu, Shekinah akakohoa mpaka akageuka rangi ya biringanya.

Nilijua. Nikanyanganya kitunga, nikasema viazi vinataka kuoshwa. Chini kabisa: kiko. Imefungwa mu kitambaa yangu mwenyewe. Yule mwanamuke ameiosha na sabuni! Ilikuwa inatoka maji, baridi kama jiwe ya muto.

Yeye anajua. Mi najua anajua. Amebakisha kitunga yake ingine hapa pia, ya unga wa mutoto.

Siku ya Mungu, tarehe 12

Kiko haiwezi kulala tena mu nyumba yenye mutoto. Kwa hiyo asubui, mbele ya misa, nikaificha mu kikwembe ya kiuno yangu, nikapanda ku kaburi ya Nyanya, yulu kwenye mulima. Mpango ya mwisho, na ya haki: nimurudishie mwenyewe kitu yake. Akae nayo.

Lakini nikafikiri. Alisema isikae baridi. Nitamupatia kitu baridi, yenye sabuni? Nani anaweza kufanyia mama ya bwana yake vile? Nikaiwasha. Mara moja tu, ya heshima. Tumbako nilikuwa nayo kidogo mu kilemba, sijui ilifikaje pale. Nikavuta ya kwanza ili ishike. Ya pili ili isizime. Nikainyoosha yulu ya kaburi, nikasema: Nyanya, pokea.

Nikangojea.

Ukungu ikafunguka kidogo. Majani yulu ya kaburi yalikuwa yamelala chini, yamebonyezwa, kama fasi ngombe ililala halafu ikasimama ikaenda. Hakukuwa muntu pale wa kupokea. Hata wafu, unajuaka kama yuko ao hayuko. Hakukuwako.

Nikamaliza kiko mwenyewe, tumbako isipotee. Nikairudisha mu kikwembe.

Ku mulango, Uwamwezi akaninusa. Hakupiga kelele, afazali angepiga. Akasema tu: Mama. Akamufunga Shekinah ku mugongo, akashuka bonde kuenda kwa Brigitte. Nilibaki na mikono wazi. Damien akainama, akaokota kofia ndogo ya mutoto yenye ilianguka, akaiweka ku misumari. Hakucheka leo.

Hamu: hapana. Sababu: hakuna.

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 13

Mvula tangu asubui. Fiston akakuja kutafuta ile kofia. Kijana ya heshima, anasalimia na mikono mbili. Akasema: Mama, aksanti kabisa kwa kututumia yule nyanya. Nikauliza nyanya gani. Akasema yule wa jino moja, mwenye anakaa nyuma ya nyumba. Shekinah akimusikia anaimba, ananyamaza. Hakohoi tena. Hata kupumua, akasema, ni lazima uweke sikio karibu kabisa ili usikie.

Nikauliza huyo nyanya anasemaka nini. Fiston akasema hasemi mingi. Anasema iko baridi. Anasema mvula ikikatika atamubeba mutoto, amupeleke kwake.

Kwake! Nikaangalia mulima, fasi ya kaburi. Nikaangalia mawingu. Mwangaza nyeupe ilikuwa inaanza kule upande wa Masisi.

Sikungojea. Nilimusukuma Fiston, nikamwambia kimbia, umushike mutoto mu mikono, usimuachilie kwa muntu! Nikaingia ndani, nikavuta kiti ndogo ya Nyanya, ile hatuikaliaki, nikaiweka karibu na yangu. Nikajaza kiko. Nikavunja kiberiti mingi. Ikashika. Nikavuta kama sijavuta hata siku moja, kwa Shekinah, moshi ikajaa nyumba mpaka Damien akatoka nje mu mvula na kitanda yake. Nikasema: Nyanya, njoo nyumbani. Iko moto.

Mvula ikakatika.

Kiti ikalia, kama mbao inalia muntu akikaa.

Nikainyoosha kiko pembeni, bila kugeuka. Mukono wangu ulikuwa na uzito. Halafu haukuwa na uzito.

Imepokelewa.

Na kutoka ng'ambo, mu bonde yote, nikasikia Shekinah analia. Analia na kifua yote, na hasira, ngombe zikajibu! Brigitte akanipigia kelele toka ku mulango wake: yule muzee ameenda bila kuaga! Nikamujibu: aksanti, dada! Mara ya kwanza namwita dada bila kutaka kumuuma.

Niliandika vizuri. Hamu: ilikuja asubui. Sababu: mutoto. Infirmier aone mwenyewe kama hii haihesabiwe. Kesho naacha, na sasa najua njia yote.

Sasa nawaza. Shekinah hawezi kurudi hapa na hii moshi, na Nyanya yuko amekaa hapa, anaimba na mudomo ya kufunga, hana haraka. Ni lazima kiko itoke mu nyumba.

Kitunga ya Brigitte, ile ya unga, iko bado pale ku kona. Siwezi kuirudisha bure, itakuwa haya.