Mrututu wa Lukas Hakimu

Gazeti lilifika Makambako likiwa na umri wa wiki tatu, na bado lilizua ubishi. Kwenye benchi la mgahawa wa Tereza, Filemoni, msomaji wao, alitangaza kwamba wataalamu wa Ulaya wanajua juani mna chuma, ingawa hakuna aliyekwenda huko.

Lukas, aliyeitwa Hakimu kwa kupenda kutoa hukumu kabla ya kusikia kesi, aliuliza kama jua ndilo lililowaandikia barua.

Odilo alimjibu taratibu. Alikuwa ameosha chupa miaka minne katika chumba cha sayansi cha shule ya misheni, akatoka na kipande cha kioo cha pembe tatu kinachotandaza rangi za upinde wa mvua, na jina la utani la Upinde. Alieleza kwamba kila kitu kikiungua mpaka kikawa mvuke hutoa rangi zake chache tu, mistari mistari. Jua hutoa rangi zote, ila ndani yake mna mistari myembamba myeusi, pale ambapo mvuke unaolizunguka umemeza rangi zake. Rangi za chuma zikikosekana, ndipo wanajua chuma kipo.

"Kumbe kinachokosekana ndicho kilichopo," Lukas alisema. "Basi mimi ni tajiri mkubwa."

Benchi lilicheka. Odilo alikinga kioo kwenye mwanga wa mlangoni, ukutani zikatandazwa rangi kuanzia nyekundu hadi zambarau. Kisha akaomba spiriti ya kuwashia stovu, akaiwasha, akachovya waya kwenye chumvi na kuupitisha motoni. Moto ukawa wa manjano. Akautazama kupitia kioo: mstari mmoja wa manjano, basi. Akachoma punje ya mrututu, ile dawa ya buluu ya shaba ya kunyunyizia mimea, kutoka bustani ya misheni. Moto ukawa wa kijani.

Lukas akatoa mfukoni kikaratasi cha mrututu alioununua mnadani Njombe kwa ajili ya ukungu wa viazi. Alisema huo ni wa daraja la juu, labda ungetoa rangi za bendera.

Moto ukawa wa manjano. Odilo akasafisha waya, akarudia. Manjano tena.

"Hakimu," alisema kwa sauti ya chini, "hii ni chumvi iliyotiwa buluu ya kufulia."

Lukas alikumbuka shamba lake la Kichiwa, alilolinyunyizia lote wiki iliyopita. Majani yalikuwa yameanza kuwa meusi, naye alimwambia mkewe Hulda kwamba ni baridi tu.

"Angalau viazi vyenu vitatoka vimekolea chumvi," Tereza alisema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Siku ya mnada Lukas alifika Njombe na Odilo, spiriti na waya. Mbele ya wateja, Odilo akachoma punje ya mrututu wa mezani, moto ukawa wa manjano. Muuzaji, yule yule aliyemuuzia Lukas, aliwaambia wateja kwamba moto ule ni mazingaombwe ya watu wa shule.

"Hata mimi niliwadhihaki," Lukas aliwajibu. "Njooni Kichiwa mwone hukumu yangu ilivyo nyeusi."

Mmoja baada ya mwingine, walirudisha vikaratasi mezani.