Kura za Huruma kwa Asajile

Jumatatu, 6 Oktoba
Madam Veronika katangaza: Jumamosi timu ya besiboli itapiga kura ya Mchezaji Bora. Zawadi ni glovu mpya ya ngozi, bado iko kwenye boksi. Za shule zimechoka na tunapokezana. Naitaka hiyo. Tatizo ni Lukasi, kapteni. Akipiga mpira tunautafuta kwenye migomba hadi giza. Nikipiga mimi unaishia miguuni kwangu. Ila Baba nimeshamwambia nitaitwa mbele. Baba, ambaye huita besiboli kupigana na upepo, kasema atafunga duka aje. Hajawahi kulifunga kwa ajili yangu. Sasa narudije nyuma?

Jumatano, 8 Oktoba
Mvua tangu asubuhi, hakuna mazoezi. Nimepata akili. Kujipigia kura hakuruhusiwi, basi dawa ni kumpunguzia Lukasi za kwake. Nimemvuta Sadick pembeni. Nimemwambia mwenzetu Asajile, anayetoka Masukulu, atapata sifuri na ataumia, ampe kura moja ya huruma, iwe siri. Asajile hajawahi kudaka kitu. Ni mashoto, anarusha kwa kushoto, na glovu zetu zote ni za kuvaa mkono huohuo; anazivaa kama mtu aliyevaa kiatu cha mwenzake. Sadick kaguswa. Kasema nina roho nzuri. Nimeipenda hiyo.

Alhamisi, 9 Oktoba
Kazi imenoga. Tamimu, Ackson, wote nimewafikia, kila mmoja kwa siri yake. Ackson kidogo alie. Nilishindwa kuacha, wananisifu mno. Hadi Lukasi mwenyewe. Kanishika bega, kasema hakujua mimi ni mtu wa namna hii. Hata mimi sikujua. Nani kabaki wa kunipigia mimi, sikukaa kufikiria.

Jumamosi, 11 Oktoba
Jamani. Madam alifungua vikaratasi: Asajile, Asajile, Asajile. Hata changu, maana ningempa nani, Lukasi? Kikabaki kimoja. Muddy! Ndiyo mimi. Baba, na kanzu yake ya sikukuu, kasimama kupiga makofi peke yake, akidhani nimeshinda. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kura yenyewe ilitoka kwa Asajile. Kasema ni mimi pekee nisiyemcheka akidondosha mpira. Ni kweli. Huwa nahangaika na wangu.

Bibi yake, aliyekuja na kidumu cha maziwa ya mgando, kapiga vigelegele. Asajile kavaa glovu mkono wa kulia, ikamkaa. Madam kaigeuza, kashangaa: ni ya mashoto. Lukasi kamrushia mpira. Kadaka! Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha, nikasahau kabisa kwamba nimeibiwa. Njiani Baba kanunua karanga, tukala.

Jumapili, 12 Oktoba
Asajile kasema ataniazima glovu yake siku yoyote. Nimeijaribu, dole gumba halina pa kukaa. Lakini nimepata akili. Nitajifunza kurusha kwa kushoto. Mwakani mashoto tutakuwa wawili, na mwenye kuonewa huruma zaidi nitakuwa mimi. Nimeanza kuuzoesha mkono leo, kwenye wali wa mchana. Mama kanichapa vidole kwa mwiko, kauliza nakula na shetani gani. Kesho nitaanza na mswaki.