Njia ya Uarabuni Inapitia Grinhausi

Jumatatu, 3 Februari

Siku kubwa! Madam Sue amefika shambani kutoka Milimani kabla sijamaliza kuwapiga farasi brashi. Akatuita masaisi wake wawili, watunza farasi, mimi na Kipkemei, pale kwenye pipa la maji. Habari yenyewe: wapanda farasi wa Kenya wanakwenda Uarabuni, mbio za farasi za masafa marefu, jangwani. Farasi wataazimwa huko huko. Kwa hivyo anatakiwa saisi mmoja atangulie, awalishe, awazoeze, awatayarishe hadi wapandaji wafike. Mmoja!

Atachaguliwa Jumamosi. Kila mtu na farasi wake, mzunguko mmoja hadi barabara ya Solai na kurudi. Kisha Dkt. Naliaka, daktari wa mifugo, atapima moyo wa farasi. Kwenye mbio hizi kufika kwanza si kushinda. Lazima mapigo ya moyo yashuke hadi sitini na nne kwa dakika. Farasi atakayetulia kwanza, saisi wake anapanda ndege.

Mimi nina Chifu. Kipkemei ana Sukari. Kipkemei ni mtu wa Ravine, ana buti mpya na kicheko cha bure. Alinipa mkono akanitakia kila la heri. Mnafiki!

Sijawahi kupanda ndege. Tangu utotoni nazitazama zikipita juu ya Menengai, na kila moja inaniacha. Naitaka safari hii kuliko kitu chochote.

Jioni nimemwambia mke wangu Wangare nimechaguliwa. Si uongo. Nimeutanguliza ukweli kidogo tu.

Jumanne, 4 Februari

Wangare amemwambia Mama Shiru, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kanisani. Basi. Ni kama imetangazwa redioni. Adhuhuri fundi wa baiskeli pale sokoni akanipongeza. Alasiri mchungaji akapiga simu. Kwetu mtu hasafiri hivi hivi. Lazima aombewe. Jumapili baada ya ibada: maombi ya kumuaga Kiarie, yaani mimi, na mbuzi, pilau, chapati.

Kikundi kimeshaninunulia sanduku la magurudumu. La bluu. Nimelivuta toka mlangoni hadi dirishani. Linateleza vizuri sana.

Nilitaka kumwambia Wangare ukweli. Lakini alikuwa akipika huku anaimba. Nikatoka nje nikazunguka nyumba. Nikazunguka tena. Miguu haitulii. Nisipochaguliwa, nitaangalia wapi Jumapili?

Jumatano, 5 Februari

Nimepata! Uarabuni ni joto. Hapa Bahati asubuhi farasi wanatoa mvuke puani. Kipkemei anamkimbiza Sukari mlimani, kupanda na kushuka, kazi ya mtu asiye na mawazo. Mimi nitamzoesha Chifu jangwa lenyewe. Na jangwa liko wapi? Nyuma ya kanisa. Grinhausi ya akina mama, ile nyumba ya nailoni ya kukuzia mboga!

Wamepanda matango humo, wakiyauza watajenga jiko la kanisa. Ufunguo huwa kwa Wangare, ndani ya kikombe kabatini. Nilisema naenda kukagua mipira ya kumwagilia. Akaniita mume mwema.

Chifu aliingia kama bwana harusi. Joto la ajabu! Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi, nikafurahi. Kisha akaonja tango. Akalipenda. Akala mstari mzima, nami navuta kamba kwa nguvu zangu zote. Halafu tukagundua farasi hawezi kugeuka humo ndani. Kurudi kinyumenyume akakataa katakata. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tulitokea upande wa pili, kwenye nailoni, mahali pasipo mlango.

Nimeshona pale kwa sindano ya magunia. Ukiwa mbali hujui kitu. Mbali sana. Wangare nimemwambia nimeona nyani wengi wakirandaranda kule.

Alhamisi, 6 Februari

Mama Shiru amekagua. Amesema tangu azaliwe hajaona nyani aliyepigwa viatu vya chuma. Akina mama sasa wanalinda kwa zamu, na fimbo mkononi. Nilisimama nao, nikatikisa kichwa, nikasema dunia imeharibika.

Shida nyingine: Chifu hataki nyasi. Kila tukikaribia kanisa anavuta huko. Kipkemei ameniuliza farasi wangu ameokoka lini. Nikamwambia ashughulike na roho yake.

Ijumaa, 7 Februari

Wangare ameuliza: kama nimeshachaguliwa, kesho tunapimwa nini? Swali zuri. Nikajibu kwamba ni sherehe ndogo ya kunikabidhi safari. Nilidhani nimeyamaliza. Kumbe ndiyo nimeyaanza. Anakuja, na kikundi kizima kinakuja.

Sijaweza kukaa. Nimefagia zizi ambalo nilikuwa nimelifagia. Katikati ya kufagia, wazo! Mtoto akilia hupewa titi, akatulia. Chifu je? Nilibakiza tango moja, nimelificha kwenye buti la mvua. Kesho, Dkt. Naliaka akianza kupima, litoke mfukoni polepole. Moyo utashuka wenyewe. Kipkemei atabaki na buti zake.

Jumamosi, 8 Februari

Niandike haraka kabla sijabadilisha mambo kichwani.

Tulifika kwanza. Kwa mbali! Kilima kilichomtoa Sukari jasho, Chifu alikipanda kama aliyeitwa chai. Nikamvua tandiko, nikammwagia maji shingoni, nikayakwangua, nikammwagia tena. Dkt. Naliaka akaweka kifaa chake masikioni. Sabini na mbili. Sitini na nane. Sitini na sita! Kipkemei ndiyo kwanza anashuka.

Nilitakiwa kusimama tu. Kusimama! Lakini mimi na kusimama hatujawahi kuelewana. Mkono ukaenda mfukoni wenyewe.

Chifu alisikia harufu. Masikio juu. Mguu ukapiga chini. Akalia kilio cha farasi aliyemwona mama yake. Akina mama wakadhani ndiyo dalili ya ushindi, wakapiga ngemi, vile vigelegele vyetu vya kumpokea mtoto wa kiume, zote tano. Dkt. Naliaka akavua kifaa masikioni, akakitazama, akakirudisha. Mapigo yalikuwa yamepita mia. Chifu akachomoa tango pamoja na mfuko wangu wa suruali.

Mama Shiru akasogea, akaokota kipande kilichoanguka, akakigeuza mkononi.

"Baba Abby," aliniambia polepole, "hili tango ni letu."

Wakati huo huo Sukari alikuwa ametulia.

Madam Sue hakunigombeza. Alisema hajawahi kuona farasi ambaye moyo wake unashuka haraka vile. Alisema kama ningemwacha nikaenda kunywa chai, ningekuwa nimeshinda. Afadhali angenigombeza. Nilienda nyuma ya stoo ya nyasi nikalia kabisa, machozi ya kweli.

Jumapili, 9 Februari

Mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Mchungaji akasema maombi hayaharibiki, yanabadilishwa jina tu. Wakamwombea Kipkemei. Sanduku la bluu akapewa yeye, nami nikaambiwa nilipeleke mbele. Bado linateleza vizuri.

Kipkemei alinikumbatia mbele ya kanisa zima. Akasema ataniletea tende. Machozi yalimlengalenga. Huenda si mnafiki. Jambo hilo limeniuma zaidi.

Akina mama wameamua: kila jioni nitafanya kazi kwenye grinhausi hadi matango yatoe maua tena. Wangare alikaa karibu nami. Alinipa chapati yake.

"Usikate kanzu kabla mtoto hajazaliwa, Baba Abby."

Nikakubali kwa moyo wote. Nimejifunza. Sitaki tena siri, sitaki haraka, sitaki ndege. Nimelala alasiri nzima, jambo ambalo sijafanya kwa miaka.

Jumatatu, 10 Februari

Madam Sue amepita. Kumbe mwishoni mwa mwaka kuna mbio nyingine! Kaskazini ya Ulaya, kwenye baridi ya kukata masikio. Saisi mmoja atatangulia. Hajaamua nani. Kipkemei atakuwa ametoka jangwani, damu imezoea joto. Maskini.

Baridi. Baridi iko wapi hapa Bahati?

Shemeji yangu Nderitu anafanya kazi kwenye chumba cha kupozea maziwa ya ushirika. Nimepita huko nikitoka grinhausi, miguu ilinipeleka yenyewe. Mlango wake ni mpana, nimeupima kwa mikono. Nafasi ya kugeuka ipo. Na Chifu hanywi maziwa, kwa hivyo hakuna kitakachoharibika.

Jioni nimemwambia Wangare nimechaguliwa. Hakuimba. Ameinuka, ameutoa ufunguo wa grinhausi kwenye kikombe, ameenda kuuficha. Hajui kwamba safari hii nautaka mwingine.