Paka wa Bi Mwanaisha Alivyonionjea Samaki

Kwaru, kwaru, kwaru. Niliisikia sauti hiyo nyuma ya ukuta kabla sijaona mtu. Kisu kilikuwa kinapanda na kushuka juu ya samaki. Ikumbukeni. Mimi sikuikumbuka, ndiyo maana saa hizi nimejifungia chumbani.

Jamani, leo nimeaibika aibu ya kuhama mji.

Nilikuwa nimeitwa chakula cha mchana Nguvumali, kwa Bi Mwanaisha, mama yake Zuhura. Zuhura ndiye ninayetaka kumwoa. Mshenga alikuwa apeleke posa Jumamosi, lakini mama yake akasema anitazame kwanza ninavyokula. Bi Mwanaisha ni mzaliwa wa Moa, mtoto wa mvuvi, na haozeshi binti yake kwa mtu asiyejua samaki. Mimi ni wa Lushoto. Nimekuzwa na maharage. (Nilimwambia Zuhura samaki ndiyo maisha yangu. Mapenzi hayo.)

Nilikwenda na matatizo mawili. Moja ni jino, lililoamka nami alfajiri likipiga ngoma. La pili ni riwaya. Ninaandika sura ambayo mtu anakufa kwa kula samaki, kwa hiyo wiki nzima nimesoma maradhi ya samaki tu. Minyoo ya samaki asiyeiva. Samaki aliyeshinda juani bila barafu, anayekuwasha na kukuvimbisha uso. Na bunju, yule anayejijaza akawa mviringo kama mpira: sumu yake haitoki hata umchemshe mchana kutwa, na dalili ya kwanza ni midomo kufa ganzi. Sentensi hiyo niliipenda. Niliipigia mstari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona shavu moja limezidi?"

"Ndivyo nilivyozaliwa, mama." (Uongo wa kwanza, nikiwa bado mlangoni.)

Samaki alipokuwa jikoni, Zuhura akanivuta uani na kunipa kipande cha pamba kilicholowa mafuta. "Dawa ya jino, ya shangazi yangu wa Pemba. Bana hapo." Nikabana. Kilinukia karafuu, kikaunguza, kisha maumivu yakaondoka kama mgeni aliyesahau kuaga. Nikawaombea dua mashangazi wote wa Pemba, nikaenda kukaa mkekani.

Wali ukaja. Samaki akaja katika tui zito, vipande vinne. Hana kichwa, hana mkia. Nikajiuliza: kwa nini wamemficha uso?

Bi Mwanaisha alipoinuka kufuata ndimu, Zuhura akiwa bado jikoni, paka wao wa kijivu alikuwa karibu na goti langu. Nikammegea pande zima. (Najua. Najua!)

"Kula, mwanangu, chapua," Bi Mwanaisha akasema aliporudi.

"Mama, hebu nihadithie kwanza habari za Moa."

Uso wake ukalainika. Akanihadithia baba yake, marehemu, alivyokuwa akimketisha mchangani na kumfundisha kumjua samaki kwa macho na matamvua, akikosea anaambiwa aanze upya. Sauti ilimtetemeka kidogo. Mimi nilitikisa kichwa kwa majonzi, jicho moja kwa paka. Dakika kumi. Paka alijilamba. Mzima!

Nikala. Tonge la kwanza lilishuka na ile pamba. Sikujali, maana samaki alikuwa mtamu kuliko chochote nilichowahi kuandika.

Baada ya muda mfupi midomo ikafa ganzi. Ikafuata ulimi. Ikafuata koo. Nikamtazama paka: kalala ubavu, miguu yote minne imenyooka, mdomo wazi.

"Bunju!" nikapiga ukelele. "Mama, umenilisha bunju!"

Nikajilaza mkekani. Majirani wakajaa mlangoni. Nikaona nisiondoke duniani na mzigo.

"Nisamehe, mama. Samaki namwogopa. Nilimwonjesha paka kwanza. Yale ya Moa niliuliza ili muda upite, nione kama atakufa."

Majirani wakasogea ndani.

"Zuhura, daftari langu liko chini ya kitanda. Mpelekee mchapishaji wangu."

"Mchapishaji gani?" (Sina.)

"Tamka shahada kwanza," Bi Mwanaisha akasema taratibu. "Hayo ya daftari baadaye."

Hapo marehemu mwenzangu akaamka. Akapiga mwayo, akajinyoosha, akapita juu ya kifua changu na kuchukua kipande kilichobaki katika sahani yangu.

"Amekula pono, kalala kama pono," Bi Mwanaisha akasema. "Ulitaka acheze ngoma? Na ulipobisha hodi hukunisikia napara? Bunju ana magamba, mwana we? Bunju huchunwa!"

"Ile pamba iko wapi?" Zuhura akauliza.

"Nimeimeza."

"Basi ndiyo ganzi yako hiyo. Mafuta ya karafuu."

Mlangoni watu waliangua kicheko. Jirani mmoja alilazimika kukaa chini.

Bi Mwanaisha hakucheka. Alikwenda jikoni, akarudi na bakuli. Ndani mlikuwa na kichwa cha pono, kizima, kimemwagiwa tui.

"Hiki nilikuwekea wewe. Kwetu mgeni wa heshima hupewa mwisho." Akakiweka mbele ya paka. "Lakini kumbe aliyenisikiliza habari za baba yangu ni huyu."

Hilo halikunichekesha. Nikaomba radhi, na kwa midomo ile radhi yenyewe ikatoka kama ya mtoto anayeota meno. Nikainuka. Nikatafuta viatu. (Kimoja kilikuwa kimekaliwa na yule jirani.) Majirani wakanipisha njia kama wanavyopisha jeneza.

Kizingitini nikageuka. Zuhura alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Sikujua kama ni kilio au kicheko.

"Mama... na posa?"

Bi Mwanaisha alinitazama kama anavyotazamwa samaki mnadani, macho kwanza.

"Mshenga aje Jumamosi," akasema. "Ila aje na paka wake."

Kisha mlango ukafungwa nyuma yangu, paka akiwa upande wa wenyeji.