Mgonjwa wa Kitanda cha Nane

Jumatatu, tarehe 1 Juni 1953

Barua ya serikali! Mihuri miwili! Mkaguzi wa afya atakuja Alhamisi kukagua nyumba yetu ya wagonjwa hapa Naviundu. Nyumba si ya serikali. Ni ya Papa Donat, muuza samaki wakavu wa Pweto, anayeilisha kwa mfuko wake. Mimi Zéphirin ndiye kapita, msimamizi wake. Vitanda vinane, wagonjwa saba. Barua inasema jamaa za wagonjwa wasilale ndani, la sivyo mlango utafungwa.

Wengine huenda kwao jioni. Anayelala ndani ni mmoja tu: Mama Ngalula, kwenye mkeka kando ya kitanda cha mumewe Liévin. Chuma cha reli kilimvunja Liévin mguu huko Kipushi. Mjini hawana ndugu. Stanislas, muuguzi wetu mwenye diploma, alitaka kunishauri. Sikumpa nafasi. Nimempeleka Mama Ngalula kwa masista, mbali mno kuja na kurudi kwa siku moja. Alikwenda akigeuka nyuma kila hatua. Roho iliniuma.

Jumanne, tarehe 2 Juni

Liévin hataki kula! Anasema bukari, ugali wetu, ya mkono mwingine haipiti kooni. Nimesonga mwenyewe, nikaweka na sombe, majani ya muhogo, nikamwambia imetoka kwa mkewe. Alinusa. Akanipa pole. Mimi ndiye nimepewa pole! Stanislas anasema mwili ule bila chakula hautashinda homa. Alitaka kuongeza neno, nikawa nimeshatoka.

Jumatano, tarehe 3 Juni

Liévin amegeukia ukuta. Nimekaa naye tangu asubuhi, nikimfunika blanketi langu. Baridi kali. Nampenda mtu huyu kama ndugu. Basi, nimeandika. Akifa, nitakuwa nimemuua mimi na mihuri yangu miwili.

Halafu, akili! Kitanda cha nane ni kitupu! Sheria inakataza jamaa, haikatazi wagonjwa. Kesho Mama Ngalula atakuwa mgonjwa. Ugonjwa gani? Nimenakili fishi ya mumewe, ile karatasi inayoning'inia kitandani, nisije nikakosea. Mguu kuvunjika. Reli. Kipushi. Safi kabisa.

Alhamisi, tarehe 4 Juni

Usiku nilimrudisha Mama Ngalula kwa baiskeli; alfajiri nikamfunga bendeji mpaka gotini, nikamlaza kitanda cha nane, kile cha chumba cha pembeni. Mkaguzi aliingia saa tatu. Mzungu mrefu, mpole. Akahesabu madirisha, ndoo, mashuka. Akasoma fishi ya kitanda cha nane, akauliza: "Huyu mama alikuwa anatumika ku reli?" Nikasema ndiyo, tena fundi hodari. Stanislas akakohoa.

Ikafika saa sita. Saa ya bukari! Mama Ngalula alisikia sahani zikilia, akasahau kwamba anaumwa. Akachukua bakuli la maji na sahani ya bukari, akatoka, akavuka chumba kikubwa chote, akapiga magoti mbele ya mumewe amnawishe mikono, kama mama yake alivyomfunza. Mguu uliovunjika ulikunjika vizuri sana. Nikasema dawa zetu ni kali.

Mkaguzi alikuwa akimtazama Liévin. Anakula, tonge baada ya tonge, huku machozi yanamtiririka. Na mimi yakanitoka. Nikakiri yote, nikaomba nifukuzwe mimi, Mama Ngalula abaki. Ndipo Stanislas akafungua barua ileile ya mihuri miwili, ukurasa wa pili: mpishi anaruhusiwa kulala ndani. "Muandike huyu mama mupishi, mambo itaisha," akasema. Mkaguzi akatia sahihi palepale, akampa Mama Ngalula mkono. Atarudi baada ya mwezi.

Eti Stanislas alitaka kuniambia tangu Jumatatu! Kwa nini hakupiga kelele? Watu wa diploma wana roho mbaya. Nimemkumbatia hata hivyo.

Jumapili, tarehe 7 Juni

Liévin ameota jua uani baada ya misa. Amemaliza sahani mbili. Mama Ngalula anaimba jikoni, na mimi moyo wangu mweupe.

Habari imeenea. Wake wa wagonjwa wengine sita wamekuja na mikeka yao, pamoja na mama mkwe mmoja. Wote wanalia. Nani ana moyo wa kuwakataa? Nimewaandika wote. Wapishi wanane, wagonjwa saba, sufuria moja. Stanislas amefungua mdomo, nikamtuma kuni. Mkaguzi atafurahi mno: hajawahi kuona nyumba inayofuata ukurasa wa pili kwa bidii hivi.