Klachi ya Mashindano kwa Bibi Harusi

Jumatatu, 17 Agosti 1981
Aibu! Gari limegoma mbele ya duka la ushirika, foleni nzima ya sabuni ikitazama. Nakanyaga mafuta, injini inalia kama imefiwa, gari haliendi. Mzee Zahoro, fundi wa Gerezani, kalala chini yake, katoka na hukumu. Klachi imekwisha. Na flaiwili, lile gurudumu la chuma nyuma ya injini ambalo klachi hulishika, imeungua na kufanya nyufa. Vyote vibadilishwe.

Na harusi ya Severa ni Jumamosi! Binti wa marehemu kaka yangu. Ukoo mzima nimeshautangazia kwamba shangazi ndiye atakayempeleka kanisani, ndani ya Datsun nyekundu ya michezo niliyoachiwa na mhandisi Mzungu niliyekuwa nikimshonea mapazia. Viti viwili tu. Bibi harusi na mimi. Wifi Candida, mke wa kaka yangu mwingine, Anselmi, na Peugeot lao pana kama sebule, atafuata nyuma akila vumbi.

Jumanne, 18 Agosti
Kwa Sadalla wa spea. Tangu mpaka wa Kenya ufungwe, dukani kwake hamna kitu. Nyuma ya pazia vipo. Kanitolea seti mbili. Ya kwanza ya kawaida, kama ya kiwandani: nzito, nyeusi, haina sura. Ya pili imetoka kwenye gari la mashindano. Flaiwili nyembamba, nyepesi kama sinia. Sahani ya klachi ina vipande vinavyong'aa kama shaba. Moyo wangu ukaenda hapo hapo.

Zahoro akasema nichukue ya kawaida. Eti uzito wa flaiwili ndio unaoishikilia injini isizimike mtu anapoondoka polepole. Hiyo nyepesi ni ya mtu anayekimbia porini, hasimami.
"Bi Klara, wewe unasimama kila kona," akasema. "Hakuna mtu usiyemsalimia."
Dharau! Nikamjibu gari la michezo linataka vitu vya michezo. Sadalla akaniunga mkono kwa moyo safi. Nitamshonea Kaunda suti.

Jumatano, 19 Agosti
Zahoro kafunga klachi, shingo upande. Mimi huku sikukaa bure. Nimepita kwa mama wa bwana harusi nikagusia, kwa masikitiko, kwamba Peugeot la Anselmi juzi lilibeba papa mkavu. Si uongo mkubwa. Kitu lilibeba.

Kabla ya magharibi habari zimeshamfikia Candida. Kaja hadi kwenye cherehani yangu. Hakupiga kelele. Kasema Jumamosi atakuwa nyuma yangu hatua kwa hatua, ili aokote kitakachoanguka. Nikacheka sana. Alipoondoka nikajikuta nimeshona mkono wa gauni kwenye shingo.

Ijumaa, 21 Agosti
Jaribio. Limezimika Mnazi Mmoja. Limezimika tena. Pedali ngumu, mguu wangu wa kushoto unatetemeka hata sasa nimekaa. Nikiachia klachi taratibu, gari linarukaruka kama mbuzi kwenye kamba. Lakini nikiachia ghafla na mafuta mengi, linachomoka kama risasi!

Kwa hiyo tatizo si klachi. Tatizo ni kusimama. Dawa yake ni kutosimama. Nimempata Theophil, mpiga ngoma wa kwaya. Atatangulia kwa baiskeli akipuliza filimbi, watu wapishe. Zahoro kaniambia ile seti ya kawaida bado ipo, yuko tayari kuifunga leo leo. Nimekataa. Mtu na msimamo wake.

Jumamosi, 22 Agosti
Tuliondoka Magomeni kama radi. Severa akapiga kelele, "Shangazi, taratibu!" Nikamwambia ashike shela. Mteremko wa Jangwani mtamu ajabu. Nikampita Theophil. Hapo ndipo kosa, kosa lake, anaendesha baiskeli kivivu. Mbele, mashabiki wa mpira wenye jezi za kijani na njano wamejaa barabarani na matarumbeta. Nikasimama.

Likazimika. Nikawasha, likaruka, likazimika. Nikawasha, likaruka. Taji likamtoka Severa, shela likanifunika mimi. Harufu ya kuungua. Mtoto wa watu akaanza kulia, wanja ukashuka hadi kidevuni.

Peugeot likaja taratibu, likasimama bila hata kutikisika. Candida akashuka, akafungua mlango wetu. Akamnyooshea Severa mkono.
"Shangazi, nisamehe," Severa akasema. "Nataka kuolewa leo."
Akahamia kwao. Nikabaki nimeshika usukani.

Mashabiki wakanionea huruma, wakanisukuma mpaka kanisani wakiimba nyimbo za timu. Tuliingia uani wakati wa kuvishana pete. Waumini wakageuka wote. Padri akasubiri tarumbeta linyamaze. Nikakaa benchi la mlangoni. Candida yuko mbele kabisa, anamfuta Severa machozi kwa leso yake. Na mimi nililia kidogo. Ni lile vumbi.

Jumapili, 23 Agosti
Gari lililala kanisani. Vijana wamenisukuma kurudi nyumbani, lakini saa nane ikatupita njiani, na Jumapili baada ya saa nane gari la mtu binafsi ni marufuku. Askari akatusimamisha. Nikamweleza haliendeshwi, linasukumwa. Akalizunguka gari mara mbili. Akaturuhusu.

Candida kaniletea sahani ya pilau, nyama kubwa juu. Nimeila yote nikitafuta tusi ndani yake. Sikuliona. Kalificha vizuri.

Zahoro naye kaja. Ataifunga ile seti ya kawaida bila malipo, basi tu nimkubalie. Nimetafakari kwa dhati. Klachi ni nzima. Flaiwili ni nzuri mno. Kinachoniangusha ni injini, haina hadhi ya vitu hivyo. Sadalla anazo kabureta tatu za mashindano. Kesho alfajiri niko mlangoni kwake. Severa nimemtumia salamu: asichelewe kuzaa. Siku ya ubatizo gari litakuwa tayari.